Mwanafunzi Ambaye Hakuwahi Kufokewa

Ukishuka Chimala upande wa mashine za kukoboa mpunga, ukapita rundo la tatu la pumba, utakuta kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani kimeegemezwa ukutani, sponji likichungulia kama utumbo wa kuku. Hapo ndipo Bunge la Pumba linapokaa kila asubuhi. Hakuna spika, kwa sababu mashine nne zinanguruma kutwa na kila mjumbe hupaza sauti apendavyo. Masanja, ambaye wanamwita Waziri, alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka bonde la Usangu, na ingawa ng'ombe hawapo tena, kila jambo bado hulipima kwa ng'ombe. Mzee Isaka ni mtendaji wa kijiji mstaafu. Wanamwita Hansadi kwa kuwa hasahau neno lililosemwa, hasa likiwa la kumkera mtu. Wa tatu ni Fundi Lugano, mtengenezaji wa pawatila, yale matrekta ya kusukuma kwa mikono yanayolima majaruba. Karakana yake iko hatua kumi kutoka kitini, kwa hiyo huja bungeni na grisi viganjani. Kahawa ni ya Esnath, anayemimina na kutoa hukumu kwa wakati mmoja.

Asubuhi hiyo Lugano alikuja na karatasi, ameishika kwa ncha za vidole ili asiichafue.

— Leo fundi kaja na muswada, akasema Waziri akisogea kumpisha. Usomwe kwa mara ya kwanza.

— Si muswada. Ni fomu ya Yunisi.

— Inasemaje?

Lugano akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani:

— "Mimi, fundi msimamizi, nathibitisha kuwa nimemfundisha mwanafunzi huyu kikamilifu."

— Si usaini? akasema Esnath. Kalamu huna?

— Kalamu ninayo. Nisichokuwa nacho ni hilo neno la mwisho.

Yunisi alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mtu wa Igowole, kiziwi tangu utotoni. Alikuwa akisomea umakanika katika chuo kimoja Mbeya mjini, na chuo kilitaka kila mwanafunzi akae miezi mitatu kwa fundi wa mtaani kabla ya mtihani wa mwisho. Mwalimu wake alimzungusha karakana nne. Ya kwanza walisema wanaogopa ajali. Ya pili walisema hawajui wataongea naye vipi. Ya tatu walisema mwenye karakana amesafiri, na aliyesema hivyo ndiye mwenye karakana. Ya nne ilikuwa ya Lugano. Alikuwa amemzika mkewe mwaka juzi, na siku ile hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Akasema, alete mabegi yake.

Sasa miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Fomu ilitakiwa ifike chuoni leo, kabla ofisi haijafungwa saa tisa na nusu. Ili kuwahi, Yunisi lazima apande Kosta, lile basi dogo la saa sita. Fomu isipofika, hafanyi mtihani; atasubiri mwaka mzima. Na ilikuwa saa tano kasoro.

— Kwani kazi hajui? akauliza Waziri.

— Anajua. Juzi amefungua injini peke yake, kabadilisha ringi, kafunga. Haikubaki nati hata moja chini.

— Wewe ukifunga hubaki mbili, akasema Esnath.

— Zile huwa za ziada.

— Pawatila ya mama Kibona ilibakiza springi!

— Esnath, mimina kahawa. Tatizo langu ni moja tu. Sijamfokea.

Birika likasimama hewani. Hata Hansadi, ambaye hutafuna kashata bila kujali anayehutubia, akaacha kutafuna.

Kila mtu Chimala aliijua sheria ya Lugano. Aliirithi kwa fundi wake, Mzee Kashindye wa Igurusi, ambaye alikuwa akimfokea tangu jua la mlimani mpaka jua la bondeni. Ufundi, alisema Mzee Kashindye, huingia kwa njia ya sikio, na haukai mpaka mwanafunzi alie. Siku ukilia, unapewa spana namba kumi na saba iwe yako, na kuanzia hapo wewe ni fundi. Lugano mwenyewe alilia chini ya trela, mvua ikinyesha. Baadaye alifundisha vijana kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walilia. Mmoja wao, Makoye, alilia mara tatu kwa usalama zaidi.

— Miezi mitatu, fundi, akasema Hansadi. Hata mara moja?

— Kufoka nimefoka. Wiki mbili za mwanzo nilifoka kama kawaida yangu, kichwa kikiwa ndani ya injini. Siku ya kumi na nne akaniandikia kwenye simu yake, akanionyesha. "Fundi, naona mdomo wako unacheza siku nzima. Unapenda sana kuimba. Uko kwaya gani?"

Kahawa ya Waziri ikatokea puani.

— Ukamjibuje?

— Ningemjibu nini, Masanja? Niliandika: besi.

Walicheka mpaka watu wa mashine wakageuka kuwatazama. Lugano hakucheka. Aliitazama karatasi yake. Kwa wenzake ilikuwa mchezo, lakini yeye alikuwa mtu wa kuandika jina lake mahali pachache: kwenye daftari la kanisa, kwenye hati ya kiwanja, na kwenye fomu ya hospitali. Hakupenda kuliweka chini ya jambo ambalo hakulifanya. Na kumnyima binti yule mwaka mzima, hilo pia hakulipenda. Usiku hakuwa amelala vizuri.

— Wahenga walisema, akaanza Hansadi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lipi? akasema Esnath. Yunisi ana miguu miwili mizima. Aliyevunjika guu hapa ni Waziri, na masikio anayo.

— Mimi nilipigwa teke na dume! akalalamika Waziri.

— Ulikatazwa kupita nyuma yake?

— Nilikatazwa.

— Ulisikia?

— Nilisikia vizuri sana.

— Endelea, Hansadi.

Hansadi akakohoa, akahamia kwingine.

— Tuache miguu. Mimi nauliza kuhusu injini. Injini si husikilizwa? Fundi asiyesikia injini atajuaje inaumwa wapi?

— Hilo nililisema mimi siku ya kwanza, akajibu Lugano. Anaweka kiganja kwenye tangi, anafumba macho. Mwezi uliopita alinivuta mkono, akauweka pale pale. Beringi ilikuwa inakufa. Mimi nilikuwa sijasikia chochote.

— Kwa kelele hizi za mashine ungesikia nini? akasema Esnath. Mimi nikikuitia hela yangu husikii.

— Ile nasikia. Najifanya.

— Basi ni suala la utaratibu, akasema Hansadi, akiinua kidole cha utendaji ambacho hakijawahi kustaafu. Mfokee kwa barua. Kumbukumbu namba, tarehe, halafu: "Yah: kufokewa kwako." Aya ya kwanza salamu, aya ya pili matusi, aya ya tatu nakutakia kazi njema. Nakala kwa mtendaji wa kata.

— Na mtendaji wa kata kakosa nini? akauliza Waziri.

— Kwa taarifa.

Lugano akatikisa kichwa.

— Hasira yangu haina pumzi hiyo, mzee. Mpaka niandike tarehe, itakuwa imepoa.

— Mtumie vikatuni vya Watsapu, akasema Esnath. Kuna kile cha uso mwekundu unatoa moshi. Mwanangu hunitumia nikimwomba hela ya mafuta ya taa.

— Simu yangu ni ya vibonyezo. Ina tochi tu.

— Mmulike na tochi machoni.

— Afanye nini sasa?

— Ajue una hasira!

— Atajua umeme umekatika.

Hansadi alikuwa amekwisha kupata jingine.

— Mkalimani! Yule Tadeo anayetafsiri kwa ishara kanisani. Fundi anafoka, Tadeo anafoka kwa mikono. Kazi imekwisha.

— Tadeo yupi? akasema Esnath. Huyu aliyetafsiri mkutano wa injili mwaka jana? Mhubiri alieleza jehanamu robo saa nzima, moto, meno, giza. Tadeo kwa upole wake akaionyesha kwa mikono mizuri, inapaa, inatua, inapaa. Viziwi wawili wakasogea mbele kuuliza nafasi zimebaki ngapi.

— Fiksi hiyo, uongo mtupu! akasema Hansadi.

— Muulize mchungaji. Ilibidi wapelekwe pembeni kurekebishwa.

Tangu ile barua ya Hansadi Waziri alikuwa kimya, na ukimya wa Waziri ulikuwa wa mtu anayefungua zizi. Sasa ng'ombe walitoka.

— Ninyi hamjafuga, ndiyo maana mnahangaika. Sikilizeni. Ukiwa na dume jipya la kulimia na halijui maneno, hulipigi lile. Unalifunga nira moja na dume la zamani. Jipya likikosea, unalichapa la zamani. Jipya linatazama, linaelewa. Samaki mkunje angali mkavu.

— Mbichi, akasema Hansadi.

— Wa kwetu tunawakunja wakavu. Sasa, fundi: mfokee mtu mwingine mbele ya Yunisi. Yeye ataona kwa macho. Atajua, aha, hivi ndivyo mtu anavyofokewa, na hiki ndicho changu. Inahesabika!

— Na lile dume la zamani linakubali? akauliza Esnath.

— Haliulizwi.

— Basi tumekwisha kumpata, akasema Esnath, na wote wakamtazama Waziri.

Alijaribu kukataa, lakini hoja ilikuwa yake. Wakamsimamisha hatua tatu mbele ya mlango wa karakana, wakampa spana mkononi ili apate sura ya mwanafunzi. Ndani, Yunisi alikuwa amepiga magoti mbele ya pawatila nyekundu ya mteja aliyefika alfajiri, akikaza bolti za kichwa cha injini kwa mpangilio wa msalaba, moja huku, moja kule. Esnath akachukua kokoto, akairusha ikatua karibu na goti lake. Yunisi akainua macho.

— Haya, fundi, akasema Hansadi. Kwa mujibu wa taratibu.

Lugano akashusha pumzi. Hakuwa amemfokea mtu ana kwa ana kwa muda mrefu, akadhani ameusahau utamu wake. Hakuwa ameusahau.

— Wewe Masanja! Hiyo ndiyo kumi na saba niliyokuambia? Hayo ni macho au ni matundu ya kuchungulia mvua? Nimesema shika hapa, umeshika pale! Unakaza nati kama unakamua ng'ombe aliyekufa! Nani alikudanganya kwamba una mikono? Hiyo ni miiko miwili imeshonewa kwenye mabega! Mtu ukipewa injini na kashata uchague, unachagua kashata! Hata ng'ombe wako walikuacha wewe, si wewe uliyewaacha wao!

Mashine moja ya kukoboa ilizimwa wakati huo huo, na maneno ya mwisho yakasikika mpaka barabara kuu.

Waziri alisimama na spana yake. Kidevu kikaanza kutetemeka.

— Walikuwa sitini na wawili, akasema kwa sauti ndogo. Niliwajua wote kwa majina.

— Masanja, akasema Lugano, akamshika bega. Ndugu yangu. Imenitoka tu.

— La ng'ombe halikuwa kwenye makubaliano.

— Halikuwa. Nisamehe.

— Chozi limetoka, akatangaza Hansadi aliyekuwa amesogea kuhakikisha. Jicho la kushoto. Kwa sheria ya Mzee Kashindye, Waziri kuanzia sasa ni fundi. Spana asiirudishe.

— Na Yunisi je? akauliza Esnath. Kaelewa?

Wote wakageuka kutazama ndani. Yunisi alikuwa ameacha kazi, anatabasamu mpaka magego. Akamwonyesha Lugano kidole gumba. Kisha akainua mikono yote miwili yenye grisi, akaipigapiga hewani kwa mizani, kama mwalimu wa kwaya anayewaambia besi waendelee.

Bunge likarudi kitini kwa unyonge. Kahawa ya birika la kwanza ilikuwa imekwisha, na saa ya Hansadi ilisema saa tano na dakika thelathini na tano. Lugano akaiweka fomu gotini tena. Akaona alama ya kidole cha mafuta pembeni yake, akajaribu kuifuta, ikakua.

— Nitamwambia nini binti wa watu? akasema.

Juu ya gunia la pumba, kando ya kiti, alikuwa ameketi mama wa makamo na kanga mabegani. Huyo ndiye mwenye pawatila nyekundu. Alikuwa ametoka Ubaruku, jina lake Veronika, na tangu alfajiri alikuwa akisubiri mashine yake bila kusema neno zaidi ya "shikamooni" na "asante, sitii sukari". Sasa akajikohoza.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi mgeni hapa, nimefuata mashine tu. Naomba kuuliza.

— Uliza, mama, akasema Hansadi. Bunge hili liko wazi.

— Huyo binti afokewe kwani kakosea nini?

Hansadi akapangusa makombo ya kashata mdomoni. Waziri, ambaye bado alikuwa anapangusa jicho, akamtazama Esnath, na Esnath akawatazama wote wawili kama mtu aliyeulizwa bei ya bidhaa asiyoiuza.

— Si lazima awe amekosea, akasema Hansadi hatimaye. Ni utaratibu.

— Mnamfokea kwa lipi sasa?

Lugano alikuwa anatafuta. Alirudi nyuma siku kwa siku, mpaka ile ya mabegi. Kwa vijana wengine hakuwa na haja ya kutafuta. Makosa yao aliyajua kama majina ya wanawe. Makoye alijaza dizeli mahali pa oili. Ombeni alifunga kichwa cha injini bila gasketi, na mlipuko wake ulitisha kuku wa mtaa mzima. Baada ya kila kosa yeye alifoka, na ndani ya kule kufoka ndiko alikoeleza jinsi ilivyopaswa kufanywa. Gasketi aliitaja siku ilipokosekana. Kabla ya hapo hakuwahi kuitaja.

Kwa Yunisi njia hiyo ilikuwa imefungwa. Baada ya lile la kwaya, ilibidi atoe kichwa kwenye injini, asimame penye mwanga, ashike kifaa, amwonyeshe. Yunisi naye alifanya polepole mbele yake, akamtazama usoni. Akiitikia kwa kichwa, ndipo alikaza. Walifanya hivyo kwa kila bolti, miezi mitatu, na Lugano alikuwa akiona kwamba anapoteza muda, akisubiri siku atakapoanza kumfundisha.

Aliwafikiria wale kumi na mmoja. Hakuyapenda aliyoyaona.

— Hajawahi kuchelewa? akanong'ona Waziri, akitaka kumsaidia.

— Funguo anazo yeye. Mimi ndiye namkuta.

— Kupoteza spana?

— Ameziokota mbili nilizopoteza mimi.

— Kuna siku alichanganya chumvi na sukari kwenye uji, akasema Esnath.

— Ule uji niliupika mimi.

— Sasa ndiyo mnamtafutia, akasema Veronika, akajifunga kanga upya.

Ndani ya karakana hendeli ikazungushwa mara moja, mara mbili, na pawatila nyekundu ikashika. Moshi mweusi, kisha wa kijivu, kisha mwembamba usioonekana. Yunisi akaweka kiganja juu ya tangi, akafumba macho kwa muda, akaridhika, akazima. Barabarani Kosta ya Mbeya ilikuwa imekwisha kusimama na kondakta anapigapiga bati. Yunisi hakuyasikia hayo, lakini aliiona. Akanawa kwa dizeli na sabuni ya unga, akabeba begi, akatoka mbio, akasimama mbele ya Lugano na mkono umenyooshwa.

Lugano akachukua kalamu. Akaitafuta ile sehemu ya jina, herufi zikacheza kidogo, akaandika: Lugano Mwakasege. Akaandika kwa kukaza, kama mtu anayefunga bolti ya mwisho, akampa.

Yunisi akatazama. Akasogeza karatasi karibu na uso. Akajipiga kofi la paji.

Lugano alikuwa amesaini kwenye mstari wa Mkuu wa Chuo.

Kilichofuata hakuna aliyehitaji Tadeo akitafsiri. Begi likatupwa chini. Kidole kimoja kikaipiga karatasi, hapa, hapa, si hapa! Mikono yote miwili ikaruka juu kumshitakia Mungu. Ikashuka, ikaonyesha Kosta, ikaonyesha jua, ikaonyesha Mbeya, mlango wa ofisi unafungwa, pa! Kisha ikageuka kwa Lugano mwenyewe, ikachora duara kuzunguka macho yake, ikapita kwenye kichwa chake na kuonyesha kuwa mle ndani ni pumba, rundo la tatu. Mdomo nao ulikuwa unacheza kwa kasi, bila sauti. Hansadi alisogea nyuma nusu hatua. Waziri akaificha spana yake mgongoni.

Lugano alisimama pale, mikono pembeni, kama alivyosimama ujanani mbele ya Mzee Kashindye kule Igurusi. Muda mrefu sana nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Alikuwa akikosea peke yake, na makosa yanakaa yalipo. Hakupepesa jicho. Esnath alimtazama vizuri, akaona jinsi alivyokuwa anajizuia asitabasamu, akainamia birika lake.

Yunisi akapumua. Akachukua kalamu, akakata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaiweka karatasi juu ya kiti cha basi, akafunika sehemu yote kwa kiganja akabakiza mstari mmoja wazi, akauonyesha kwa kidole. Akamtazama usoni, akasubiri. Lugano akasaini polepole. Yunisi akaitikia kwa kichwa.

Akampa mkono, akautikisa kwa nguvu, kisha akachora tena lile duara machoni pa Lugano, safari hii taratibu. Akabeba begi, akakimbia. Kosta ikaondoka mlango ukiwa bado wazi.

Bunge likarudi kitini.

— Kule mwanzo nilielewa yote, akasema Waziri. Ila pale mwisho alisema nini?

— Alisema nivae miwani, akasema Lugano.

Akaitoa kwenye mfuko wa shati, akaifuta kwa pindo, akaivaa.